Majani ya miti ya matunda kama malisho: kuchagua, kupima na kulisha bila kudhuru mifugo

Kila mti wa matunda unapopogolewa, chini hubaki lundo la matawi yenye majani mabichi. Kwa mfugaji lundo hilo ni chakula, lakini majani hayalingani. Jani changa la mforosadi linakaribia mashudu kwa protini. Jani kukuu la mwembe linaizidi nyasi kavu kwa kiasi kidogo tu. Jani la mparachichi linaweza kuua mbuzi. Yote matatu ni ya kijani, na yote matatu mbuzi mwenye njaa atayala.

Mwongozo huu unahusu zaidi wanyama wanaocheua, yaani mbuzi, kondoo na ng'ombe. Sungura, kuku na nguruwe wamepewa sehemu yao mbele kidogo.

Namba ya protini inasema nini, na inaficha nini

Maabara ikikuambia jani lina protini ghafi asilimia 14, haikupima protini yenyewe. Ilipima nitrojeni, kisha ikazidisha kwa 6.25. Katika mashudu au mforosadi hesabu hiyo inatosha, kwa sababu sehemu kubwa ya protini hiyo inameng'enywa. Katika majani mengi ya miti ya matunda haitoshi, kwa kuwa ndani ya jani kuna tanini.

Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na kukaza ukitafuna jani la mpera au ganda la ndizi mbichi. Inashikana na protini mdomoni na tumboni. Ikiwa kidogo, asilimia 2 hadi 4 ya uzito mkavu (yaani uzito bila maji) wa chakula chote, ina faida: inaikinga protini isivunjwe yote kwenye tumbo kubwa la mnyama anayecheua, ili sehemu yake ifike kwenye utumbo mwembamba ikiwa nzima. Hupunguza pia hatari ya tumbo kujaa gesi. Ikipita asilimia 5 au 6, mnyama anaanza kula kidogo, vijidudu vya tumboni vinalegea, na protini uliyoihesabu kwenye karatasi inatoka na kinyesi. Mbuzi huivumilia kuliko kondoo na ng'ombe, ndiyo maana jani linalomnenepesha mbuzi linaweza kumdumaza ndama.

Kwa hiyo jani linapimwa kwa mambo matatu kwa pamoja: protini, tanini, na ulaini wa nyuzinyuzi. Ukiangalia protini peke yake utadanganyika.

Kuna jaribio dogo la nyumbani la kulinganisha tanini. Chukua majani 10 ya ukubwa wa kawaida, yakatekate, yachemshe kwa dakika 10 katika nusu lita ya maji, kisha chuja. Weka misumari miwili yenye kutu pamoja na matone machache ya limau. Fanya hivyohivyo kwa majani ya mforosadi katika chombo kingine. Baada ya saa moja, maji ya majani yenye tanini nyingi yatakuwa meusi kama wino. Yale ya mforosadi yatabadilika kidogo tu. Jaribio hili halitoi asilimia, lakini linakuonyesha jani lipi litumike kwa mkono mwepesi.

Anza kwa kuondoa yanayoua

Kabla ya kuzungumzia lishe, toa kwenye lundo majani ya makundi haya mawili.

La kwanza ni mparachichi. Majani yake yana sumu iitwayo pesini. Kwa mbuzi anayenyonyesha, takribani gramu 20 za majani kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuharibu kiwele. Gramu 30 kwa kilo zinaweza kuharibu misuli ya moyo. Mbuzi wa kilo 30 anafikia kiwango cha kwanza kwa gramu 600, kiasi ambacho ni matawi machache tu. Kiwele huvimba na kuwa kigumu, maziwa huwa ya majimaji yenye mabonge, na yanaweza kupungua kwa robo tatu ndani ya siku moja. Moyo ukiguswa, mnyama hupumua kwa shida, shingo na kifua hujaa maji, na anaweza kufa siku ya pili au ya tatu. Farasi, sungura na ndege wamo hatarini pia. Aina za parachichi hutofautiana kwa ukali, lakini kwa kuliangalia jani huwezi kujua ni kali kiasi gani. Kulikausha hakuondoi sumu. Usilishe kabisa, na ukipogolea mparachichi usiache matawi karibu na uzio.

La pili ni jamii ya mpichi: mpichi wenyewe, mplamu, mwaprikoti, mcheri na mlozi. Mlokwati uingie hapohapo. Majani haya yana viini vinavyotoa sianidi jani linapovunjika au kunyauka. Hatari kubwa zaidi ni tawi lililovunjwa na upepo au lililopogolewa jana, ambalo limeanza kulegea. Wanyama wanaocheua ndio huumia zaidi, kwa sababu vijidudu vya tumbo lao vinaifungua sumu hiyo kwa haraka. Mnyama hupumua upesi, hutetemeka, huyumba na kuanguka. Utando wa ndani ya mdomo na damu huwa na rangi nyekundu ya kung'aa. Mara nyingi hupita dakika chache tu kabla hajafa, hivyo ondoa chakula na mwite daktari wa mifugo papo hapo. Dawa ipo, ila lazima ichomwe na mtu anayejua kipimo, na ichomwe mapema.

Stafeli na jamaa zake nazo ziachwe. Si kwamba zinaangusha mnyama siku hiyohiyo, bali majani na mbegu zake yana viini vinavyodhuru neva, na hakuna sababu ya kuyatumia wakati kuna majani bora kando yake.

Majani yanayostahili kupimwa

*Mforosadi* unaongoza, na kwa umbali mrefu. Majani yake yana protini ghafi kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito mkavu. Machanga huzidi hapo kidogo. Yanameng'enywa kwa asilimia 75 hadi 85, kiwango ambacho nyasi nyingi hazikifikii, na tanini yake ni ndogo. Kalisi ni nyingi. Mbuzi, ng'ombe, kondoo na sungura wote huyapenda tangu siku ya kwanza. Kama una nafasi ya kupanda mti mmoja kwa ajili ya matunda na majani, uwe huu. Ukitengwa kwa ajili ya malisho, hukatwa kwa urefu wa nusu mita hadi mita moja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Unahitaji samadi ya kutosha, kwa sababu kila mavuno yanaondoa nitrojeni nyingi shambani. Mfugaji anayekata mara nne kwa mwaka bila kurudisha samadi ataona majani yakiwa madogo na ya njano kufikia mwaka wa pili.

*Mfenesi* ni jani la mbuzi hasa. Protini yake ni asilimia 12 hadi 17, tanini ni ya wastani hadi nyingi, na jani lina ukavu wa asilimia 35 hadi 40, hivyo halijazi tumbo kwa maji. Huweza kuchukua hadi theluthi moja ya chakula cha mbuzi bila tatizo iwapo nyasi na maji vipo. Mshelisheli, ndugu yake, hutumika vivyo hivyo.

*Mkunazi* una protini ya asilimia 13 hadi 17 na husaidia sana kiangazi, wakati majani yake bado yapo na nyasi zimekwisha. Miiba ndiyo kikwazo. Yakaushe matawi juu ya turubai, yapige kwa fimbo, majani yadondoke, kisha yakusanye.

*Mgomba* si mti kwa maana ya mbao, lakini kila mfugaji mwenye migomba hulisha. Hapa tenganisha sehemu mbili. Bapa la jani lina protini ya asilimia 10 hadi 15 na tanini kiasi. Shina ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na protini yake ni asilimia 2 hadi 5 tu ya kile kidogo kinachobaki. Ng'ombe anayeonekana ameshiba shina la mgomba ameshiba maji. Shina linafaa kama kinywaji cha kiangazi, likichanganywa na nyasi kavu. Likiwa chakula kikuu, mnyama atakonda huku tumbo limejaa, na kinyesi kitakuwa cha maji.

*Mchungwa, mlimau na mchenza* wana majani yenye protini ya asilimia 12 hadi 16 na kalisi nyingi. Mafuta yenye harufu ndani ya jani huwafanya ng'ombe wayakatae mwanzoni. Mbuzi huyazoea kwa wiki moja. Yanyaushe usiku mmoja, harufu itapungua.

*Mpera* una protini ya asilimia 8 hadi 12, na tanini kali. Machipukizi machache humsaidia mnyama mwenye kuharisha kidogo kwa sababu hukaza utumbo. Kwa sababu hiyohiyo, mengi humfunga choo. Chukulia kama kiungo, asilimia 10 ya chakula, si zaidi.

*Mwembe* una asilimia 8 hadi 11, na jani likikomaa huwa gumu kama karatasi nene. Linafaa kumvusha mnyama wakati wa ukame, si kumfanya akue au atoe maziwa. Asilimia 15 hadi 20 ya chakula ndiyo mpaka wa busara, na usilishe peke yake kwa majuma mfululizo.

*Mpapai* huonekana wa ajabu kwenye karatasi, protini ya asilimia 20 na zaidi. Lakini utomvu na uchungu wake hupunguza ulaji, na ndani yake kuna kiini kinachoathiri moyo kikiliwa kwa wingi. Nyausha, katakata, changanya kidogo, na usiwape wanyama wenye mimba.

*Mtufaha na mpea* ni majani ya kawaida tu, takriban asilimia 10, hayana tatizo kwa mbuzi na kondoo mradi hayajapuliziwa dawa. *Mzabibu* hutoa majani mazuri yanapokuwa ya kijani, asilimia 10 hadi 18, na hushuka sana yakianza kubadilika rangi. Mzabibu una hatari moja kubwa. Hupuliziwa mrututu na dawa nyingine za shaba dhidi ya ukungu, na kondoo hawezi kuitoa shaba mwilini kwa haraka. Huilimbikiza kwenye ini kwa miezi, akionekana mzima kabisa, kisha siku moja ini linaiachia yote: macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mwekundu wa kahawia, na kondoo anakufa. Kondoo asipewe majani ya mzabibu, mchungwa au mti mwingine wowote uliopuliziwa dawa ya shaba msimu huo. Kwa viuatilifu vingine, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Kama kibandiko hakitaji mifugo, acha majani hayo yawe mboji.

Jani changa, jani kukuu, jani lililoanguka

Kwenye tawi moja la mfenesi, majani matatu ya ncha na majani matatu ya chini si chakula kimoja. La ncha ni laini na lina protini nyingi. La katikati limekomaa bila kukakamaa, na hilo ndilo unalolitaka kwa wingi kwa sababu lina uzito. La chini limejaa nyuzinyuzi ngumu. Likunje: jani zuri hukunjika bila kuvunjika, kukuu hupasuka kwa sauti.

Majani ya njano yaliyoanguka yenyewe yasihesabiwe kama chakula cha protini. Mti huvuta nitrojeni yake kutoka kwenye jani kabla ya kuliangusha, hivyo kinachofika chini kina karibu nusu ya protini ya awali, au pungufu. Yatandike zizini.

Pima ukavu kabla ya kupima lishe

Asilimia zote zilizotajwa ni za uzito mkavu. Kilo moja ya majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, na usipojua ni sehemu gani, kipimo chako ni kubahatisha.

Chuma gramu 500 za majani bila matawi. Yakatekate vipande vya kidole, yatandaze kwenye sinia juani, yageuze mara mbili kwa siku, yaingize ndani usiku. Yapime kila jioni. Uzito ukibaki uleule kwa jioni mbili mfululizo, umemaliza. Hata hapo jani lina unyevu wa takribani asilimia 10 ambao jua haliutoi, kwa hiyo zidisha uzito wa mwisho kwa 0.9. Ukibaki na gramu 155, basi 155 × 0.9 ni 140, na 140 kwa 500 ni asilimia 28. Huo ndio ukavu wa kawaida wa mforosadi. Rudia kipimo mvua zinapoanza na zinapokwisha, kwa sababu jani la masika lina maji mengi zaidi.

Hesabu ya mbuzi mmoja

Chukua mbuzi wa maziwa wa kilo 30. Anakula takribani asilimia 4 ya uzito wake kwa siku katika ukavu, yaani gramu 1,200. Ili atoe maziwa vizuri, chakula hicho kiwe na protini ya asilimia 13 au 14.

Ukimpa nyasi kavu peke yake yenye asilimia 6, anapata gramu 72 za protini. Hiyo iko chini hata ya asilimia 7 au 8 ambazo vijidudu vya tumbo lake vinahitaji ili kuzimeng'enya nyasi zenyewe. Hapo ndipo mbuzi anapokula kutwa na kukonda.

Sasa toa gramu 360 za nyasi, weka gramu 360 kavu za majani ya mforosadi yenye asilimia 20. Kwa ubichi ni kilo 1.3. Majani yanaleta gramu 72, nyasi gramu 840 zinaleta 50, jumla 122, sawa na asilimia 10. Mbuzi anaishi vizuri, lakini maziwa bado. Toa nyasi gramu 200, weka pumba gramu 200 yenye asilimia 15: jumla inapanda hadi 140. Toa nyasi gramu 100 nyingine, weka mashudu ya alizeti gramu 100 yenye asilimia 28: unafika gramu 162, asilimia 13.5. Umefika mahali pake kwa mashudu gramu 100 tu kwa siku.

Badilisha mforosadi uweke mfenesi wa asilimia 14, kila kitu kingine kikibaki. Jumla inashuka hadi gramu 140, na sehemu yake imeshikwa na tanini. Weka mwembe wa asilimia 9: ulipotoa nyasi gramu 360 ulipoteza gramu 22 za protini, ukarudisha 32. Faida ni gramu 10 kwenye karatasi, na tumboni pengine haipo kabisa. Ndiyo maana haifai kusema tu kwamba majani ya miti ni lishe. Sema ya mti gani, na mengi kiasi gani.

Hesabu hii inakuonyesha pia kwamba hata mforosadi haukutoshi peke yake kwa mnyama wa maziwa. Majani yanapunguza mashudu unayonunua. Anayeacha mashudu yote ghafla kwa kuwa ameanza kulisha majani huona maziwa yakishuka ndani ya wiki, kisha hulaumu majani.

Kuvuna bila kuukosesha mti matunda

Jani ndilo jiko la mti. Ukilichukua wakati tunda linajazwa, umelinyima tunda sukari. Wakati mwafaka ni mara baada ya kuvuna matunda, pamoja na kupogolea kwenyewe. Katikati ya msimu chukua maotea yanayochipua wima kutoka shinani na ndani ya kivuli, kwani hayo hayazai. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani ya mti kwa mara moja, na usiguse mti uliokaribia kuchanua maua.

Kata kwa mkasi au msumeno mkali. Kuvuta majani kwa mkono huchana gome, na kidonda hicho ni mlango wa magonjwa. Majani yenye ukungu mweupe, madoa yanayooza au masizi meusi yaache.

Kama unakusudia kuyakausha, kata asubuhi umande ukishakauka. Kama ni kwa sileji, yaani malisho yaliyochachushwa bila hewa, kata alasiri, kwa sababu jani limekuwa likitengeneza sukari tangu asubuhi, na sukari ndiyo itakayochachusha.

Kuanza kulisha

Tumbo la mnyama anayecheua linahitaji siku 10 hadi 14 kubadilisha vijidudu vyake. Siku tatu za kwanza mpe robo ya kiasi ulichopanga, siku tatu zinazofuata nusu, kisha robo tatu, ndipo ukamilishe. Mpe nyasi kwanza asubuhi; mnyama mwenye tumbo tupu hula majani kwa pupa, na hapo ndipo tanini au utomvu humdhuru.

Funga matawi mafungu na uyaning'inize kwenye usawa wa kichwa cha mbuzi au juu yake kidogo. Mbuzi ni mnyama wa kula akiwa ameinua shingo. Jani likianguka chini likakanyagwa au likalowa mkojo, hatalirudia, nawe utadhani hapendi aina hiyo ya mti. Kwa ng'ombe, katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5 na uchanganye na nyasi ndani ya hori, la sivyo atachambua.

Asubuhi inayofuata chunguza mabaki. Vikonyo na mishipa ya katikati vikibaki peke yake, asilimia 10 hadi 15 ya ulichotoa, kipimo ni sahihi. Hori likiwa safi kabisa, ongeza. Majani mazima yakibaki, ama ni makuu, ama ni mengi, ama yana uchungu; yanyaushe usiku mmoja kivulini ujaribu tena. Kunyausha hupunguza utomvu na harufu, na tanini kidogo, lakini hakuifuti. Na kama nilivyotangulia kusema kuhusu jamii ya mpichi, huko kunyausha ndiko kunakoua, hivyo usiligeuze hili kuwa kanuni ya miti yote.

Njia nyepesi zaidi ya kushinda tanini ni kuchanganya: aina mbili au tatu za majani badala ya moja. Nusu mforosadi na nusu mfenesi hufanya kazi vizuri kuliko mfenesi mtupu.

Chumvi na fosforasi

Majani ya miti yana kalisi nyingi, na fosforasi na sodiamu kidogo. Uwiano unaotakiwa ni kalisi mbili kwa fosforasi moja. Majani peke yake yanaweza kufika kumi kwa moja. Pumba ni kinyume chake, ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Ndiyo maana majani na pumba vinafaa kwenda pamoja, kwa sababu ya madini hata kabla ya protini. Jiwe la kulamba liwepo wakati wote. Mbuzi wanaolamba kuta, udongo au mkojo wa wenzao wanakuambia chumvi haitoshi.

Kuhifadhi kwa ajili ya kiangazi

Kausha kivulini, juu ya turubai au chanja, kwa tabaka la sentimita 5 hadi 7. Geuza mara mbili kwa siku. Kwa kawaida siku mbili au tatu zinatosha hewa ikiwa kavu. Jua kali hukausha haraka zaidi, lakini huunguza rangi ya kijani pamoja na karotini ambayo mwili hutengenezea vitamini A. Jani liko tayari likivunjika ukilisugua kiganjani huku likiwa bado la kijani. Kilo 100 mbichi zenye ukavu wa asilimia 30 hutoa kilo 33 hivi. Geuza taratibu siku ya mwisho, maana bapa lililokauka husagika na kubakiza vikonyo, na protini iko kwenye bapa. Hifadhi kwenye magunia yanayopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Baada ya wiki moja ingiza mkono katikati ya gunia. Ukisikia joto au unyevu, mwaga yote na ukaushe upya. Ukikuta ukungu, usilishe hata lile lililo safi kando yake.

Sileji inafaa wakati wa mvua, usipoweza kukausha. Nyausha majani saa chache hadi yafike ukavu wa asilimia 30 hadi 35: ukikamata kiganja kimoja na kukaza, maji yasichuruzike, na bonge liachie polepole. Katakata sentimita 2 hadi 3. Kwa kila kilo 100 tumia kilo 5 za molasi iliyoyeyushwa kwa maji kidogo, inyunyize sawasawa. Usiipunguze, kwa kuwa majani yenye protini nyingi hupinga kuchachuka, na bila sukari yataoza. Jaza mfuko mnene wa plastiki kwa tabaka la sentimita 10, kanyaga au kandamiza kila tabaka, toa hewa, funga kwa kamba, kisha vika mfuko wa pili. Weka mahali panya hawafiki. Fungua baada ya siku 30. Sileji nzuri ina rangi ya zeituni na harufu ya uchachu mtamu. Harufu ya siagi iliyochacha au ya mkojo ina maana hewa ilibaki, molasi ilipungua, au majani yalikuwa na maji mno. Mfuko ukishafunguliwa, umalize ndani ya siku chache.

Sungura, kuku na nguruwe

Sungura hustawi kwa mforosadi ulionyaushwa saa chache, hadi theluthi moja ya chakula, pamoja na nyasi kavu muda wote. Majani machache ya mpera au mwembe hayana ubaya. Kwa kuku, saga majani makavu ya mforosadi na uchanganye asilimia 5 ya chakula. Kiini cha yai kitakuwa cha njano iliyokolea. Ukipita asilimia 10, nyuzinyuzi zitapunguza mayai. Nguruwe wanaokua wanavumilia asilimia 10 hadi 15 ya unga huo. Hawa wote hawana tumbo la kupunguza makali ya tanini, kwa hiyo mfenesi na mpera visiwe sehemu kubwa ya chakula chao.

Kinyesi kitakuambia mapema

Kagua kinyesi kila asubuhi, kwa sababu hubadilika kabla ya maziwa na uzito havijabadilika. Kinyesi cha mbuzi mwenye afya ni vidonge vinavyotengana, vyenye kung'aa kidogo. Vidonge vidogo, vikavu na vyeusi kuliko kawaida ni dalili ya tanini nyingi au maji machache: punguza majani kwa nusu na uongeze maji. Vidonge vilivyoshikana bonge moja vinaonyesha umebadilisha chakula ghafla au majani yamekuwa teketeke mno. Rudisha nyasi kavu asubuhi kwa siku mbili. Akiharisha maji, ondoa majani yote kwa siku tatu, na kama hajapona ndani ya siku moja au kuna damu, hilo si suala la majani tena, mwite daktari wa mifugo. Kiwele kikivimba kwa wanyama wawili au watatu kwa siku moja, usianze na dawa ya kiwele. Kwanza kagua mabaki ya hori kama kuna jani la mparachichi.